Kinachombakiza Muuguzi Bondeni

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, nyumba nyingi za Bonde la Kilombero, kuanzia Kidatu hadi Mlimba na ng'ambo ya mto hadi Malinyi, hukalia kikao kinachofanana. Kijana amefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kwa matokeo hayo hawezi kuingia udaktari moja kwa moja, lakini chuo cha afya yanatosha. Mjomba anasema apelekwe uuguzi kwa sababu ndiko kwenye ajira. Shangazi anamkatiza: uuguzi ni wito, anayeufuata kwa ajili ya mshahara ataishia kuwatukana wagonjwa. Mama mtu anapiga hesabu ya ada kimyakimya. Kikao kinavunjika huku kila mmoja akiamini kwamba mtoto ama ana wito ama hana, na kwamba hilo ndilo litakaloamua atakuwa muuguzi wa namna gani. Ushauri wa makala hii ni mwingine. Sababu ya kuingia uuguzi ina uzito mdogo kuliko tunavyodhani. Sababu ya kubaki ndiyo nzito, nayo haitoki moyoni mwa muuguzi peke yake. Muuguzi hubaki pale anapoona kazi yake inazaa matunda, anapoiona njia ya kupanda, na anapoweza kuishi kama watu wengine. Penye mambo hayo matatu, hata aliyefuata mshahara huota moyo wa uuguzi. Yakikosekana, hata aliyekuja na wito huanza kuandika barua ya uhamisho.

Tuanze na sababu za kuingia, kwa kuwa ndizo zinazozungumzwa sana. Wapo wanaovutwa na sare nyeupe waliyoiona kliniki wakiwa wadogo. Wapo waliomuuguza bibi au mdogo wao wakagundua kwamba mikono yao haitetemeki. Wapo waliochaguliwa na baba, na wapo waliokosa nafasi walikotaka wakaangukia huku. Wengi zaidi wanatafuta kazi ya uhakika, na hilo halina aibu yoyote. Watafiti waliowahoji watumishi wa afya wilayani Mbulu, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012, waliwauliza kwa nini wanapenda kuajiriwa serikalini kuliko kwenye taasisi za dini. Majibu yalikuwa ya mtu anayefikiria kesho: usalama wa ajira, pensheni, nafasi ya kusoma. Hatumlaumu mwalimu au dereva wa treni ya TAZARA kwa kufikiria hivyo. Kumtaka muuguzi pekee aone aibu kutaja mshahara ni kumdai kitu ambacho hatumdai mtumishi mwingine yeyote.

Dai hilo lina historia, na katika bonde hili historia yake inaonekana wazi. Kuanzia miaka ya 1920, masista wa Baldegg kutoka Uswisi walifanya kazi ya uuguzi katika misheni za Wakapuchini za eneo hili, na kutokana na juhudi za misheni hizo ikakua Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa hospitali teule ya wilaya na leo ni ya rufaa. Vizazi vya watu wa bonde hili vilijifunza sura ya muuguzi kwa kumtazama sista: halalamiki, hadai, haondoki. Imani yao ilikuwa ya kweli, na hakuna sababu ya kuipunguza. Lakini tunapowasifu kwa imani tunasahau mpangilio uliowawezesha kukaa. Sista alikuwa na nyumba, chakula mezani, wenzake wa kuzungumza nao baada ya siku mbaya, mkubwa wake anayejua alipo, na shirika litakalomtunza akizeeka. Hakuwa na ada ya mtoto wala kodi ya pango. Muuguzi wa leo wa zahanati ya kijijini anadaiwa moyo wa sista bila kupewa nyumba ya sista. Akishindwa tunasema hana wito, ilhali kilichopungua ni vile vitu ambavyo masista walikuwa navyo na hatukuviona.

Jambo la kwanza linalombakiza muuguzi, basi, ni kazi yenye matokeo. Tazama asubuhi ya kliniki ya mama na mtoto kwenye zahanati yoyote ya bondeni. Mizani imening'inizwa kwenye boriti ya baraza, mtoto ananing'inia ndani ya suruali ya turubai akilia, mama anashikilia kadi. Muuguzi anasoma uzito, anaweka nukta kwenye chati ya kadi, anaitazama nukta ya mwezi uliopita, kisha anamtazama mama. Katika kitendo hicho kidogo ameshajua kama mtoto anakua au anarudi nyuma. Anafungua sanduku la ubaridi, anatoa chanjo, anaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu cha MTUHA, anamwita anayefuata. Anayetazama kwa nje huona foleni na makaratasi tu. Lakini ni kliniki za namna hiyo hiyo, mjini Ifakara, ambazo watafiti walizitumia kupima kama dawa ya SP, ikipewa watoto wachanga pamoja na chanjo zao za kawaida, ingewakinga na malaria. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba katika mwaka wa kwanza wa maisha malaria ilipungua kwa asilimia 59 na upungufu mkubwa wa damu kwa asilimia 50. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaupendekeza utaratibu huo kwa maeneo ya Afrika yenye malaria ya kiwango cha wastani hadi cha juu. Mpango mzima ulisimama juu ya jambo moja: kliniki ya chanjo inayofunguliwa kila wiki, na mtu ndani yake anayejua kumpa mtoto dozi na kuiandika.

Muuguzi akiona mambo kama hayo yakitokea mikononi mwake, hahitaji kuhubiriwa wito. Kinyume chake pia ni kweli. Mpe muuguzi mama mjamzito anayevuja damu, umnyime glavu, dripu na gari la rufaa, kisha umwambie avumilie kwa sababu kazi yake ni wito. Utakuwa umemfundisha kwamba elimu yake haina kazi. Mshahara hutajwa sana, lakini kumwona mgonjwa akifa kwa kitu ambacho ungeweza kukizuia huchosha kuliko kiwango chochote cha mshahara. Kwa hiyo vifaa, dawa na usafiri wa rufaa huwaokoa wagonjwa na pia huwabakiza watumishi. Daraja la mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018 lilirahisisha safari ya mgonjwa kutoka Ulanga na Malinyi kwenda Ifakara, na papo hapo likampunguzia muuguzi wa Lupiro au Iragua upweke wa kusubiri pantoni na mgonjwa mahututi. Mfumo wa m-mama, ambao kwa kupiga 115 unamtafutia mjamzito au mtoto mchanga usafiri wa dharura, unafanya kazi hiyo hiyo. Unamwambia muuguzi wa zamu ya usiku kwamba hayuko peke yake.

Kazi huzaa matunda zaidi pale muuguzi anapowajua watu anaowahudumia, na hapa kijana wa bondeni ana mtaji ambao mara nyingi hauthamini. Anayejua kalenda ya mpunga haoni ajabu kliniki ikipungua watu familia zinapohamia mashambani na kulala kwenye madungu wakilima au wakiamia ndege. Hatawaita wazembe. Atapanga siku ya kuwafuata, au atawapa miadi inayowezekana. Anayejua habari za degedege, ambazo watafiti wa Ifakara wamezieleza kwa kina, anaelewa kwa nini mama wa kizazi kilichopita alimpeleka mtoto kwa mganga kwanza, akiogopa kwamba sindano ingemuua. Muuguzi aliyekulia Namawala au Mngeta humpokea mama huyo bila kumkaripia, akamtibu mtoto haraka, na mwaka ujao mama huyo huyo anamleta jirani yake. Mgeni anaweza kujifunza hayo pia, lakini humchukua miaka, na mara nyingi huhama kabla hajayajua.

Ndiyo maana WHO ilipotoa mapendekezo yake kuhusu kuwabakiza watumishi wa afya vijijini mwaka 2010, na kuyahuisha mwaka 2021, iliweka mbele mambo mawili yanayohusu mafunzo: wachukueni wanafunzi waliotoka vijijini, na jengeni vyuo nje ya miji mikuu. Ifakara ilikuwa imeanza kulifanya jambo hilo zamani. Mwaka 1961 kilifunguliwa hapa kituo cha kufundisha waganga wasaidizi wa vijijini, mbegu ya taasisi ya mafunzo ya afya inayojulikana leo kama TTCIH, na mji una Chuo cha Uuguzi cha Edgar Maranta pamoja na chuo kikuu kishiriki cha afya cha Mtakatifu Fransisko kilichoanza mwaka 2010. Ni vijana wachache wa vijijini Tanzania wanaoweza kusomea afya kwenye mji wenye hospitali ya rufaa, taasisi ya utafiti inayojulikana duniani na vyuo, vyote karibu na nyumbani. Mzazi anayedhani lazima mtoto asome Dar es Salaam ndipo awe muuguzi wa maana afikiri tena. Mafunzo yanayofanana na mazingira ya kazi hupunguza mshtuko wa mwaka wa kwanza kazini.

Jambo la pili linalombakiza muuguzi ni njia ya kupanda. Mwaka 2007 mtafiti mmoja aliwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa utabibu nchini Tanzania orodha za kazi za kufikirika na kuwataka wachague: mshahara huu na nyumba ile, hapa au pale. Ripoti yake ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba mshahara na posho za mazingira magumu zina nguvu, lakini nafasi ya kwenda kusoma baada ya miaka michache ya kazi iliwavuta sana kukubali kijijini. Hao walikuwa matabibu, si wauguzi, lakini ngazi za elimu za kada hizi mbili zinafanana vya kutosha kutupa funzo. Muuguzi mwenye cheti anayejua kwamba baada ya miaka kadhaa ataruhusiwa kusomea stashahada, na baadaye shahada, anaweza kuvumilia kijiji cha mbali kama Taweta au Masagati kwa moyo mkunjufu. Mwenzake anayeona wanaotajwa kwenye mpango wa mafunzo ni walewale wa makao makuu kila mwaka atatafuta uhamisho wa kwenda huko huko makao makuu. Kwa hiyo halmashauri inayotaka watu wake wabaki iwape ruhusa ya masomo kwanza walioko mbali, na iwape kwa utaratibu uliobandikwa ukutani na kila mtu akausoma.

Kupanda kunahusu pia kusimamiwa vizuri. Utafiti wa watumishi wa afya ya msingi mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2006, uligundua watu wanaoipenda kazi yao lakini wanaolalamika kwamba hawana wa kuwashika mkono: usimamizi wa kuwaelekeza haba, kupanda cheo hakueleweki, mchango wao hauonekani. Msimamizi akifika zahanati, akakagua vitabu, akaandika makosa matano na kuondoka na gari lake, ameacha nyuma mtu aliyevunjika moyo. Angekaa saa mbili zaidi, akashiriki kliniki, akaonyesha jinsi ya kujaza patografu ya mjamzito aliyeko leba, akauliza malimbikizo ya posho yamefika wapi, angeacha muuguzi mwenye ari. Mafuta ya gari ni yale yale.

La tatu ni maisha ya kawaida, na hili halina maelezo mengi kwa sababu kila msomaji analijua: nyumba isiyovuja, maji, mtandao wa simu, shule ya watoto, mshahara unaofika kwa wakati. Wauguzi wengi ni wanawake wenye familia. Ukimpanga kwenye kijiji kinachofikika kwa treni na bodaboda tu, ambacho masika hukikata na dunia, bila chumba cha kulala karibu na zahanati, umemtaka achague kati ya zamu ya usiku na wanawe. Atachagua wanawe, na atakuwa sahihi.

Sasa tuzijibu hoja za upande wa pili, kwa kuwa zina uzito. Ya kwanza ni ya shangazi kwenye kikao: wauguzi wana kauli mbaya, na kauli mbaya ni dalili ya kukosa wito. Kauli mbaya zipo, na hakuna uchovu unaohalalisha kumtukana mwanamke aliyeko kwenye uchungu. Lakini kama chanzo kingekuwa mioyo ya watu, ukali ungetawanyika sawasawa kila mahali. Badala yake tunaona muuguzi yule yule akiwa mpole asubuhi na mkali saa tisa usiku, mpole akiwa na wagonjwa kumi na mkali akiwa na hamsini, mpole penye matroni anayefuatilia na mkali pasipo na anayejali. Ukali unaobadilika kwa saa na kwa idadi ya wagonjwa hutibiwa kwa kupanga zamu na kusimamia. Anayebaki mkali hata mzigo ukipunguzwa achukuliwe hatua, na Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka ya kushughulikia nidhamu. Kumchuja kijana kwa kumuuliza kama ana wito hakutampata mtu huyo, kwa sababu kila anayehojiwa hujibu anao.

Hoja ya pili ni ya wale wanaosema tuache falsafa, tatizo ni fedha tu, pandisheni mshahara na kila mtu atabaki. Mshahara mdogo hufukuza, hilo halina ubishi, na deni la posho la muda mrefu hufukuza zaidi kwa sababu hugeuka dharau. Lakini nyongeza ya mshahara humfikia aliyeko Ifakara mjini sawasawa na aliyeko kijijini Utengule, kwa hiyo haimpi wa Utengule sababu ya kutohama. Ndiyo maana WHO inahimiza mchanganyiko: nyumba, masomo, usimamizi na motisha kwa pamoja. Kimoja hakifidii kingine.

Hoja ya tatu ndiyo inayowauma vijana: mnazungumzia kubaki, wakati hata kuingia hatuingii, ajira hazipo. Hapa Tanzania inaishi na kitendawili kigumu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yakaenda mbio kuliko watumishi, na leo zahanati nyingi zinaendeshwa na mtu mmoja au wawili huku wahitimu wenye leseni wakikaa nyumbani au wakijitolea, kwa sababu kibali cha kuajiri hufuata bajeti na si foleni ya wagonjwa. Si mara ya kwanza. Miaka ya 1990 ajira serikalini zilisimamishwa, na sekta ya afya ililipia kwa muda mrefu. Kwa hiyo mjomba anayesema uuguzi una ajira ya uhakika anazungumzia enzi nyingine. Anayeanza chuo leo ajiandae kusubiri, na ahesabu tangu mwanzo milango mingine: hospitali za dini kama ya Ifakara au ya Lugala, vituo binafsi, zahanati za makampuni, miradi ya utafiti. Akiamua kujitolea, apate barua yenye tarehe, kituo na majukumu, na aweke kikomo. Kujitolea kusiko na mwisho ni kazi isiyolipwa.

Hoja ya nne inasema mwenye akili ataondoka nchini tu, kwa nini tumshauri abaki? Soko lipo kweli. WHO iliripoti mwaka 2025 kwamba dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023 na bado ilipungukiwa na milioni 5.8. Jirani zetu Kenya walitia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 ya kupeleka wauguzi. Kuondoka ni haki ya mtu, na fedha zinazotumwa nyumbani husomesha watoto. Ila anayefikiria safari apime jambo moja. Huko anakokwenda nako kuna mahali wauguzi wa kwao wanapakimbia kwa sababu zile zile za zamu, usimamizi na kudharauliwa, na mgeni ndiye anayepangiwa hapo. Anayeondoka kwa kuvutwa na kitu anachokijua hufika salama kuliko anayeondoka kwa kukimbia.

Kutokana na hayo yote, ushauri kwa kijana na mzazi wake ni huu. Msiulizane kama wito upo. Ulizeni mambo yanayopimika. Je, kijana anaweza kukaa karibu na mwili wa mgonjwa, na harufu, damu na uchafu wake, bila kumfanya mgonjwa ajione kinyaa? Je, anaweza kukesha, kisha asubuhi akahesabu dozi bila kukosea? Je, anaweza kumpa mama habari ya msiba, akanawa mikono na kwenda kitanda kinachofuata? Je, huandika alichofanya, hata pasipo na anayemwona? Mwenye majibu ya ndiyo anafaa, hata kama sababu yake ya kwanza ni mshahara. Asiye nayo asilazimishwe, hata kama ana huruma nyingi na ukoo mzima unamwombea. Kisha angalieni chuo: kimesajiliwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, kinatambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kina hospitali ya mafunzo yenye wagonjwa wa kutosha. Msilipe ada kabla ya kuhakikisha hayo, kwa kuwa bila leseni ya Baraza cheti hakimruhusu mtu kumgusa mgonjwa. Wanaosomea stashahada wafuatilie mikopo ya Bodi ya Mikopo, ambayo tangu mwaka 2023 imefunguliwa pia kwa stashahada za vipaumbele, afya ikiwemo.

Kwa muuguzi aliyeko kazini, linda mambo matatu. Linda faili lako: barua ya ajira, ya kuthibitishwa, ya kupandishwa, nakala ya kila dai la posho na tarehe uliyoliwasilisha. Haki isiyo na karatasi hupotea uhamisho unapotokea. Linda leseni yako kwa kuihuisha kwa wakati na kujiendeleza kila nafasi inapopatikana, maana Ifakara ina semina na mafunzo mengi. Na linda jina lako. Ekari mbili za mpunga ni msaada halali kwa mtumishi wa bonde hili, na wengi husomeshea watoto kwa mavuno yake, lakini glavu au dawa ya kituo ikiuzwa chini ya meza, muuguzi amewanyang'anya wenzake heshima waliyoihangaikia. Ukiona umeanza kuwachukia wagonjwa, usikae nalo kimya. Sema kwa mkubwa wako wa kazi, omba kubadilishiwa wodi au likizo. Kuchoka hakumaanishi kwamba hukufaa tangu mwanzo.

Kwa viongozi wa vijiji, madiwani na kamati za usimamizi wa vituo, kazi yenu ni kubwa kuliko mnavyofikiri, na sehemu yake haingoji Dodoma. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kamati hukaa kupanga matumizi. Kabla ya kupaka rangi ukuta wa mbele, tengenezeni paa la nyumba ya muuguzi. Mtumishi mpya akifika, mpokeeni siku ya kwanza, mtafutieni mwenyeji, mwonyesheni shule na maji. Malalamiko yapelekwe kwenye kamati yakiwa na tarehe na tukio, na pongezi zipelekwe vivyo hivyo, kwa maandishi, ziingie kwenye faili lake. Halmashauri nazo zikipata kibali cha kuajiri zitazame kwanza wahitimu waliozaliwa au kusomea bondeni na wanaotaka kukaa huko.

Kikao cha familia kitafanyika tena mwakani, na mjomba na shangazi watabishana tena. Wakati huo mwulizeni kijana anaweza kufanya nini, si anajisikiaje. Akishaingia kazini, swali la kama atabaki halitakuwa lake peke yake. Litakuwa la matroni, la mkurugenzi, la kamati ya zahanati na letu tunaopanga foleni. Kijiji kinachopoteza muuguzi kila baada ya mwaka mmoja kiache kusema wauguzi wa siku hizi hawana wito. Kijikague chenyewe.